Mapatano ya Mdomo Hayatoshi Baharini

Kila kaskazi inapoanza kuvuma na bahari kutulia, gati la Lamu hupata uhai mpya. Wageni wa kutoka bara na wa kutoka ng'ambo hutaka kupandishiwa tanga wakavitembelee visiwa, wayaone magofu ya Takwa kule Manda na ngome ya Siyu kule Pate, na wenye moyo zaidi wafike hata Kiwayu, baada ya kuuliza kwanza hali ya usalama. Biashara hii ni halali na ni ya heshima. Imewalisha wengi wa Lamu na Shela, na pia mafundi wa Matondoni ambao bado huunda majahazi kwa mikono yao. Wageni walipopungua mno baada ya utekaji nyara wa Kiwayu na Manda wa mwaka 2011, vyombo vingi vilikauka ufukoni, na hapo ndipo ilipojulikana ni nyumba ngapi zilizokuwa zikitegemea tanga. Kwa hiyo tunasikitika kuona namna kazi yenyewe inavyoendeshwa.

Si siri kwamba mapatano mengi hufanywa kwa mdomo tu, tena si baina ya mgeni na nahodha, bali baina ya mgeni na dalali aliyemdaka kabla hajatua mizigo yake. Dalali hutaja bei, huchukua chake, hutoweka. Nahodha huachiwa kinachobaki, na katika hicho anunue chakula, maji na petroli, awalipe mabaharia wake na ampe mwenye chombo fungu lake. Mtu aliyebanwa namna hiyo huziona jaketi za kuokolea kuwa ni gharama, na abiria watatu wa ziada kuwa ni riziki. Hatuoni haki kumlaumu yeye peke yake. Mgeni naye, anayejisifu hotelini kwamba ameikata bei hadi nusu, hajiulizi ni kitu gani kilichopunguzwa pamoja na bei hiyo.

Tuchukue safari ya Kiwayu. Wakati wa kusi chombo huenda upesi kwa kuwa upepo uko nyuma. Kurudi ni kubisha, huku na huku, mchana kutwa. Njia ya Mkanda, baina ya Manda na bara, huhitaji maji kujaa, na aliyechelewa hana budi kungoja. Aliyeahidiwa siku tatu huweza kumaliza nne au tano. Je, siku ya ziada ni juu ya nani? Mashine ikiwashwa, petroli nani ataitoa? Maswali haya yakiulizwa gatini huchukua robo saa. Yakiachwa, huulizwa kwa hasira mbele ya Pate, na nahodha aliyechoka kulaumiwa hushawishika kupandisha tanga saa ambayo ujuzi wake wote ulimwambia angoje.

Huko Ugiriki, ambako likizo ya kukodi chombo na kuzunguka visiwa ni biashara kubwa, mgeni aweza kukabidhiwa mashua bila nahodha. Lakini kwanza huonyesha cheti cha ubaharia, hutia saini mkataba, huweka dhamana ya fedha, na chombo hukaguliwa mbele yake, kuanzia nanga hadi maboya. Hatusemi tuige yote. Asiyejua miamba na mikondo yetu hafai kukabidhiwa usukani wetu. Tunalolitamani ni ile karatasi.

Watakuwapo watakaosema kwamba mashua ya watalii si feri. Ni kweli. Hata hivyo watu 272 walifia Mtongwe mwezi wa Aprili 1994, karibu kabisa na nchi kavu, katika feri iliyojazwa kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ikiwa vyombo vya chuma vilishindwa, jahazi la mbao lililozidishiwa watu litategemea nini?

Mamlaka ya Bahari ya Kenya, serikali ya kaunti na manahodha wenyewe wakae pamoja. Idadi ya abiria iandikwe kwa rangi ubavuni mwa kila chombo, mahali pa kuonekana na anayepanda. Bei za safari zibandikwe kwenye ubao gatini, kwa Kiswahili na Kiingereza. Karatasi moja ya mapatano, yenye jina la nahodha, siku za safari na anayelipia siku ya ziada, itiwe saini kabla ya nanga kung'olewa, na fedha zipokewe na nahodha mwenyewe. Dalali alipwe ujira wake waziwazi. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili. Ubao wa bei na kopo la rangi havihitaji bajeti ya mwaka ujao, na tungependa kuviona gatini kabla ya mwezi huo.