Garanti ya Mpangaji Si Mtaji Wetu

Katika miji yetu, kuanzia Goma na Bukavu hadi Lubumbashi, wengi wanaopata mshahara wa kwanza au faida ya kwanza ya biashara huwa na nia ileile: kununua kiwanja, kusimamisha vyumba viwili au vitatu, na kuvipangisha. Nia hiyo ni njema. Kazi za mshahara ni chache, franka hupoteza nguvu, na nyumba huonekana kuwa akiba isiyoyeyuka mkononi. Hatuna neno dhidi ya nia hiyo. Tunalo neno juu ya njia inayotumiwa kuifikia, kwa maana wengi huanza kujenga kwa fedha isiyo yao.

Tunazungumzia garanti. Mazoea yake yanajulikana na wote. Mjenzi huinua kuta, kisha fedha humwishia kabla ya kufikia bati. Ndipo komisioneri humletea mpangaji, naye humdai garanti ya miezi sita, pengine hata kumi, ili anunue bati na milango. Mwaka ukiisha, mpangaji anataka kuhama na anaomba fedha yake. Iko wapi? Imeshapigiliwa misumari juu ya paa. Mwenye nyumba hana budi kumtafuta mpangaji wa pili, ili garanti yake imlipe yule wa kwanza, au kubuni madeni ya rangi na vitasa ili asilipe kabisa. Familia nzima hubaki imefungwa ndani ya nyumba isiyoweza kuimudu tena, kwa sababu haina fedha ya kuingia kwingine.

Sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi pango la miezi 3. Garanti ni amana. Imewekwa kwetu ili kulinda nyumba isiharibiwe, na mpangaji akitoka salama, inamrudia. Asiyeweza kuirudisha siku ya kudaiwa ameshaitumia mali ya mwenzake.

Wengine watatujibu: benki hazimkopeshi kijana asiye na dhamana, basi tufanye nini? Swali hilo ni la haki. Lakini tunauliza nasi: umaskini wa anayejenga unamruhusu vipi kumtwisha mzigo wake yule asiye na hata pa kulala? Wengi wetu tumelelewa katika nyumba za kupanga. Tunaujua uchungu wa kuhamishwa ghafla. Ingekuwa aibu kubwa ikiwa, siku tunapopata ufunguo wetu wenyewe, tungewatenda wengine yaleyale tuliyoyalalamikia.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya polepole. Hatua yake ya kwanza ni karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili, kile tunachokiita certificat d'enregistrement. Karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi na shefu wa kartiye haitoshi. Kiwanja kimoja, au lupango kama wasemavyo Lubumbashi, huweza kuuzwa mara mbili kwa watu wasiojuana, na kila mmoja akashika karatasi yake. Kabla ya kutoa hata dola moja, twende wenyewe kwenye ofisi ya hati za ardhi, tuulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Tuwaulize pia majirani, na ndugu za muuzaji ikiwa mali ni ya urithi, kwa maana mtoto mmoja hana mamlaka ya kuuza fungu la wenzake.

Hatua ya pili ni mahali penyewe. Bei nafuu mara nyingi ina sababu yake. Goma iliona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji mnamo Januari 2002, na tena ikifika pembezoni mwake mnamo Mei 2021. Bukavu, udongo wa miteremko huporomoka na nyumba wakati wa mvua kubwa. Tukitazame kiwanja siku ya mvua, si siku ya jua tu.

Hatua ya tatu ni hesabu. Tuchukue mfano. Kiwanja na nyumba vimegharimu dola 6,000, na pango ni dola 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 600. Tuondoe mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu: zinabaki 550. Tuweke kando sehemu moja ya kumi kwa matengenezo: zinabaki 495. Hapo bado hatujalipa kodi ya mapato ya pango, na tayari itatuchukua zaidi ya miaka 12 kurudisha fedha yetu. Anayekopa kwa riba ya kila mwezi ili ajenge nyumba ya namna hii hafanyi kazi kwa ajili yake, bali kwa ajili ya aliyemkopesha. Afadhali kujenga chumba kimoja na kukimaliza, kuliko kuanza vitatu na kungoja garanti ya mgeni ili vifunikwe.

Hatua ya nne ni mkataba wa maandishi, hata kama mpangaji ni binamu yetu. Uandikwe kiasi cha pango na fedha itakayotumika, kiasi cha garanti, hali ya kila mlango na dirisha siku ya kuingia, na nani analipa maji ya REGIDESO na umeme wa SNEL. Penye wapangaji wengi katika kiwanja kimoja, mita moja ya umeme huzaa ugomvi kila mwezi. Kila malipo yapewe risiti. Nayo garanti iwekwe mahali pake, benki au kwenye koperative, isichanganywe na fedha ya sokoni.

Tunatoa pendekezo moja kwa vikundi vyetu. Vikundi vingi tayari vina likelemba. Basi atakayepokea zamu yake akitaka kununua kiwanja, asiende peke yake: wenzake wawili wamsindikize hadi ofisi ya hati, wamsomee mkataba, wamhesabie. Na atakapompokea mpangaji wake wa kwanza, wamuulize swali moja tu: akihama kesho asubuhi, fedha yake iko tayari? Akijibu ndiyo bila kusitasita, huyo amefaa kuitwa mwenye nyumba.