"Nimeokoka": Kiambishi -me- na Ukristo wa Mathare

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kuwa -me- si -li-. "Alilala" ni habari ya jana. "Amelala" humaanisha kuwa hata sasa yungali usingizini. Ndiyo maana Mkristo wa Nairobi aulizwapo hali yake ya kiroho hujibu "nimeokoka", wala si "niliokoka". Tendo limekwisha, ila hali yake ingalipo.

Ajabu ni kuwa ushuhuda wenyewe, unapotolewa kanisani, hurudi mbio kwenye -li-. Msemaji hutaja mwaka, mahali, mhubiri aliyekuwapo na dhambi alizoziacha. Mapokeo haya yametokana kwa kiasi kikubwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na kufika Kenya katika miaka ya 1930. Hata hivyo, ndugu wa Uamsho waliungama makosa ya juzi na jana, tena wakarudisha walichoiba. Siku hizi mara nyingi husimuliwa kisa kimoja tu, kile kile, miaka ishirini mfululizo.

Mathare ni mahali ambapo kasoro hii haifichiki. Aprili 2024 Mto Mathare ulivunja kingo zake, nyumba za mabati zikasombwa na watu wakafa. Mwezi uliofuata matingatinga ya serikali yakabomoa makazi yaliyokuwa karibu na mto, na Rais William Ruto alipozuru mtaa huo akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoathirika. Siku hizo kitenzi "kuokoka" kilirudia maana yake ya awali: nani ameokoka, na analala wapi? Yupo mhubiri anayejua kuwa safina ya Nuhu ilikuwa na urefu wa mikono 300, lakini hajui ni nyumba ngapi za waumini wake zilizobomolewa.

Hapa hapasemwi kuwa ya kale hayana kazi. Imani ya Kikristo imejengwa juu ya jambo lililotendeka, na bila hilo haipo. Tofauti imo katika namna ya kulisoma. Marehemu Askofu David Gitari aliwahubiri manabii wa kale kana kwamba walikuwa wakazi wa Kenya. Aliukemea hadharani upigaji kura wa mlolongo uliotumika mwaka 1988. Mwaka 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku.

Muumini wa Mathare hana haja ya jukwaa kubwa kama hilo. Mto ungali palepale, na masika hurejea kila mwaka kati ya Machi na Mei. Ushirika unaokutana nyumba kwa nyumba tayari unajua ni ajuza yupi asiyeweza kukimbia gizani, na ni mama yupi mwenye watoto wanne katika chumba kimoja kando ya maji. Kabla ya mvua kuanza, saa ya ushuhuda ingeweza kutumiwa kuulizana jambo moja: usiku mto utakapojaa, hawa watalala kwa nani?