KUZOEA KELELE NI KUANZA KUWA KIZIWI

Wakulima wengi katika maskimu yetu hutunza mashine zao vizuri. Hutia girisi, hubadili oili, na mkanda ukikatika hununua mwingine. Lakini masikio ya yule anayeiendesha mashine hayaangaliwi na mtu, na sikio halina spea dukani.

Ukimwuliza kijana wa mashine ya posho kama kelele haimsumbui, atakujibu, "Siku za kwanza ilinisumbua, lakini sasa nimezoea." Watu husifu jibu hilo. Mimi naliona kuwa habari mbaya. Sikio halizoei kelele kubwa; linapungua nguvu.

Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupokea sauti ili ifike kwenye ubongo. Kelele kubwa huviangusha kama mvua ya mawe inavyoangusha mahindi machanga. Mahindi waweza kupanda tena, lakini vinyweleo hivyo vikifa haviotei tena, wala hakuna dawa ya kuvirudisha.

Wawindaji ni mfano mzuri. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 140, na mlio mmoja waweza kuharibu sikio. Anayelenga kwa bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki. Hapa Kenya kuwinda wanyama kulikatazwa mwaka wa 1977, na wengi wetu hatushiki bunduki. Lakini mashine ya posho, trekta lisilo na kibanda na msumeno wa injini hutufikisha huko huko. Bunduki huharibu mara moja. Mashine hula sikio kidogo kidogo kila siku.

Sheria ya kelele mahali pa kazi ya mwaka wa 2005 ilisema mfanyakazi asikae katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8 katika siku moja. Kama huna chombo cha kupimia, simama karibu na mwenzako, umbali wa mkono tu. Ikiwa ni lazima upaze sauti ndipo akusikie, mahali hapo ni pa hatari. Na masikio yakilia kama nyenje jioni baada ya kazi, hilo ni onyo.

Maoni yangu ni kwamba mwenye mashine ndiye anayepaswa kununua vifuniko vya masikio, na avinunue kabla ya mkanda wa akiba. Pamba haitoshi. Ekzosi iliyotoboka itengenezwe, vijana wapokezane zamu, na watoto waliotumwa unga wangoje nje, mbali na injini.

Wengine watasema hiyo ni gharama. Ni kweli, lakini tazameni gharama ya uziwi. Kiziwi hasikii pikipiki inayomjia nyuma barabarani. Hasikii ng'ombe anayelia usiku kwa shida ya kuzaa. Katika mkutano wa chama cha ushirika hujibu asiloulizwa, watu hucheka, na mwisho haji tena.

Mwenye mashine, kesho kabla ya kuwasha injini, mtazame kijana wako masikioni. Kama hana kitu, usiwashe.