Bongo wa Aberdare na mtungi wa Kayole

Februari 2025 ndege ilitua JKIA ikiwa na abiria 17 kutoka Florida, na hakuna hata mmoja aliyeitishwa pasipoti. Walikuwa bongo wa milimani, wale swala wakubwa wekundu wenye mistari myeupe ubavuni. Mtaani watu walicheka. Kwani Bongo si ni Tanzania? Wengine walikasirika: unga umepanda, kazi hakuna, na serikali iko uwanja wa ndege ikipokea swala.

Hasira hiyo naielewa. Lakini tuongee ukweli kidogo, wasee. Huyo mnyama ni wetu kabisa. Bongo wa milimani hapatikani porini nchi nyingine yoyote ila Kenya, na waliobaki huko porini hawafiki 100. Hao 17 ni vizazi vya waliokamatwa misitu ya hapa miaka ya 1960 na 1970 wakapelekwa Marekani. Yaani tumeletewa wajukuu wetu.

Sasa, hilo linamhusu vipi mtu wa Kayole, Dandora ama Huruma? Fungua mfereji, kama leo ni siku yenu ya maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, na mito inayolijaza inashuka kutoka msitu wa Aberdare. Huko juu si mvua peke yake inayofanya kazi. Ukungu hupita kati ya mianzi na miti iliyofunikwa na zile ndevu za kijani, unashikwa na majani, unageuka matone, na udongo wenye mboji unayanywa polepole kama sponji. Ndiyo maana mto unaendelea kutiririka hata mvua ikikatika. Kata miti, na maji yote yatashuka siku moja na matope yake, halafu kiangazi kiwe kiangazi kweli.

Bongo anaishi mle mle, kwenye kichaka kizito ambapo hata ukiwa hatua kumi kutoka kwake hutamwona. Akibaki, ni dalili kwamba kichaka kipo. Watafiti hawamkimbizi na gari kama wale wa Maasai Mara. Wanafunga kamera kwenye miti, zinajipiga zenyewe mnyama akipita usiku, na mistari ya kila bongo ni tofauti, kwa hiyo wanawatambua mmoja mmoja. Lakini kamera haijui ifungwe wapi. Anayejua ni mwenyeji wa vijiji vya kando ya msitu, anayesoma kwato kwenye matope, mavi, na tawi lililotafunwa. Hiyo kazi haihitaji digrii, inahitaji macho na miguu. Mimi niliyeacha chuo katikati hiyo sehemu ilinifurahisha, nakubali.

Uzio wa umeme wa kuzunguka Aberdare, karibu kilomita 400, ulianza 1989 na kumalizika 2009. Umesaidia sana, kwa tembo na kwa mashamba ya wakulima pia. Ila uzio hauzuii uamuzi wa ofisini. Kuna ile barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayotakiwa ipite ndani ya mbuga. Mkulima wa viazi wa Nyandarua anataka njia fupi ya kufika Nyeri, na hana makosa. Lakini lami katikati ya msitu huja na malori, na makaa, na mitego, na baada ya miaka vibanda vya mahindi choma. Ikarabatiwe njia ya kuzunguka. Mjadala huu umefika hadi kortini, na sauti zinazosikika ni za Nyeri, Nyandarua na watu wa mazingira. Nairobi, inayokunywa hayo maji, imenyamaza kama mgeni wa harusi.

Na tunaoumia kwanza ni sisi. Mgao ulipoanza Januari 2017 kwa sababu bwawa lilikuwa limepungua, wa mitaa ya mabwanyenye alichimba kisima ama akaita boza. Eastlands tulipanga foleni na mitungi ya lita 20, na mkokoteni ukapandisha bei. Anayenunua kwa mtungi analipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mfereji, hilo kila mama wa ploti anajua bila kuambiwa.

Tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi, unaosaidia wakulima wa huko juu kuzuia udongo usiingie mitoni. Wazo zuri, na ni wangapi mtaani wamewahi kulisikia? Waliotupigia kura za simu kuhusu ushuru na bajeti 2024 wanajua vijana wa Eastlands wakiamua kusoma mswada wanausoma mpaka ukurasa wa mwisho. Ripoti za tathmini ya mazingira nazo ni za umma. Ikitangazwa tena nafasi ya kutoa maoni kuhusu barabara hiyo, ombi moja tu: kikao kimoja kifanyiwe huku, Makadara ama Embakasi, kwa Kiswahili, jioni baada ya kazi.