Zambia 2012: Tuachane na Hii Stori ya Mizimu

Kila AFCON ikikaribia, ile video ya Zambia inarudi. Unaijua. Muziki wa huzuni, picha ya bahari, halafu sauti nzito inasema marehemu walirudi kuchukua kombe lao. Wasee wanalia, wanasambaza. Mimi nimechoka nayo.

Si eti ni uongo. Mambo yenyewe ni ya kweli na yanashangaza. Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi la Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji wa timu ya taifa. Walikuwa wanaenda Dakar kucheza na Senegal, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia.

Sasa ruka hadi AFCON 2012. Zambia wanafungua na nani? Senegal. Wanawapiga 2-1. Mechi zao zote hadi nusu fainali wanachezea Guinea ya Ikweta. Moja tu ndiyo wanachezea Gabon, nayo ni fainali, mji ule ule wa Libreville. Wanashinda kwa penalti 8-7 dhidi ya Ivory Coast, timu ambayo haikufungwa bao hata moja mashindano yote. Na rais wa shirikisho lao ni Kalusha Bwalya, nyota aliyepona 1993 kwa sababu alikuwa PSV, Uholanzi, na angesafiri kivyake.

Sawa, hata mimi nywele zilisimama. Lakini ukisema mizimu ndiyo ilishinda, kuna watu unawapora jasho lao. 2010 huko Angola, wengi wa vijana hawa, chini ya kocha huyu huyu Hervé Renard, walitolewa na Nigeria robo fainali. Kwa nini? Penalti. Miaka miwili baadaye kipa Kennedy Mweene anadaka penalti ya Asamoah Gyan kwenye nusu fainali, halafu fainali anafunga yake mwenyewe. Stoppila Sunzu anamaliza kazi. Hiyo inaitwa kujifunza, bana.

"Lakini Drogba alipaisha penalti!" Ndiyo, alipaisha. Na Baggio 1994 alipopaisha kwenye fainali ya Kombe la Dunia, alisukumwa na mzimu gani?

Mnataka maajabu mengine? Ivory Coast walichukua AFCON yao ya kwanza 1992: dhidi ya Ghana, 0-0, penalti 11-10. Ya pili 2015: Ghana tena, 0-0 tena, penalti 9-8. Na kocha wao 2015 alikuwa nani? Renard, yule yule aliyewaliza Libreville. Hapo hakuna mtu anaweka muziki wa huzuni. Mechi ni nyingi sana duniani, lazima mambo mengine yagongane.

Sasa sehemu inayoniuma. Ile video haisemi kwa nini watu 30 walikufa. Timu ya taifa iliwekwa kwenye ndege ya kijeshi isiyoweza kufika mbali bila kutua, ikapangiwa kujaza mafuta Brazzaville, Libreville na Abidjan. Ripoti ya Gabon iliyotoka 2003 ilisema injini moja ilipata hitilafu, na rubani aliyechoka akazima ile nzima. Rubani huyo alikuwa ametoka kuwarudisha Mauritius siku iliyotangulia. Familia zimepiga kelele miaka na miaka zikidai ripoti kamili kutoka kwa serikali yao wenyewe.

Hiyo si kudura. Ni mtu alikaa ofisini akaamua wachezaji wasafirishwe hivyo. Na sisi tukiimba "ilikuwa imeandikwa", huyo mtu anapumua. Kombe la 2012 linageuka kuwa malipo, eti deni limeisha. Deni gani limeisha? Kombe halijamrudishia mtoto yeyote baba yake.

Bado kuna timu za taifa Afrika zinasafiri kwa shida, zinalala uwanja wa ndege, posho hazijalipwa, na mkubwa wa shirikisho amekaa viti vya mbele. Tukishazoea kuita uzembe "hatima", tutauliza nani maswali?

Kwa hivyo penda hiyo stori, mimi pia naipenda. Lakini ukiiposti tena, usiishie kwa penalti ya Sunzu. Weka pia ile injini, yule rubani aliyechoka, na ile ripoti ambayo familia bado zinaidai.