Msishangilie Intel ikianguka

Kila nikigusia habari za chipu, hawakosi mashabiki wa AMD wa kunikumbusha kwamba timu yao imeshinda. Intel ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 19 kwa mwaka wa 2024, nao wakapiga vigelegele. Jamani, hii si mechi ya Gor na AFC. Hebu tupige hesabu kwanza.

Chipu ina gharama mbili kubwa: kuibuni, na kiwanda cha kuitengeneza. Kiwanda cha kisasa hula zaidi ya dola bilioni 10, na mashine zake hupungua thamani zikifanya kazi au zikilala. Chipu zikiwa chache, kila moja hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo.

AMD iliutua mzigo mwaka wa 2009, viwanda vyake vilipogeuka kuwa kampuni ya GlobalFoundries kwa fedha za Abu Dhabi. Tangu 2019, viini vya prosesa zake mpya hutengenezwa na TSMC ya Taiwan. Tena AMD ilifanya ujanja: badala ya kipande kimoja kikubwa cha silikoni, huunganisha vipande vidogo. Kasoro moja ikitokea, unatupa kipande kidogo tu. Hapo nawavulia kofia.

Intel ilibaki na viwanda vyake. Teknolojia yake ya nanomita 10 ikachelewa kwa miaka, lakini gharama hazikungoja. Mwaka wa 2023 kitengo chake cha viwanda pekee kilipata hasara ya dola bilioni 7.

Sasa niambieni, mshindi ni nani? AMD, Nvidia na Apple wote wanapanga foleni kwa TSMC. Hata Intel yenyewe, katika prosesa zake za Arrow Lake za 2024, ilinunua viini huko huko! Ni kama hoteli nne zenye majina tofauti zinazoagiza ugali kutoka jiko moja. Samsung nayo inapika, ila wateja wakubwa hawamiminiki kwake. Mwenye jiko akipandisha bei, utahamia wapi?

Mtasema Intel nayo ilitunyanyasa. Naam, na hiyo ndiyo hoja yangu! Kati ya 2011 na 2016, AMD ikiwa hoi, prosesa za kawaida za Intel za tarakilishi za mezani hazikuzidi viini 4. Ryzen ilipokuja na viini 8 mwaka wa 2017, Intel ikapata 6 mwaka huo huo. Miujiza? La, ushindani.

Asiye na mpinzani hulala, na bili hulipa mnunuzi. Ushindani wa kubuni tunao. Ule wa viwanda unakufa tukiwa tunapiga makofi. Mimi sina mapenzi na Intel, lakini viwanda vyake naviombea uhai.

Wewe waonaje?