Risala ya Wanafunzi na Walimu wa Programu kwa Wasimamizi wa Lugha ya JavaScript

Waheshimiwa,

Sisi wanafunzi na walimu wa uandishi wa programu tunaleta kwenu, kwa heshima, malalamiko na madai yetu kuhusu maneno na alama za lugha ambazo mwandishi huruhusiwa kuziandika au kuziacha apendavyo.

Kwanza tunatoa shukrani. Tangu 2015, let na const zimetupa njia safi ya kutangaza vigeu. Hata hivyo, anayeziacha bado huachwa aendelee bila kuonywa. Hapo ndipo kilio chetu kilipo.

Malalamiko yetu

1. Mwanafunzi akiandika for (i = 0; i < 5; i++) bila let, i inakuwa kigeu cha programu nzima. Ndani ya mzunguko huo akiita fankisheni nyingine inayohesabu kwa i hiyohiyo hadi 3, basi i hurudi ikiwa 3, huongezwa kuwa 4, kisha hurudishwa tena kwenye 3. Mzunguko haufiki mwisho. Ukurasa unakwama, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

2. Neno return likiachwa peke yake na jibu kuanzia mstari unaofuata, lugha hujichomekea nuktamkato baada ya return. Jibu linapotea, fankisheni inarudisha undefined.

3. Tangu 2009 ipo dawa ya kosa la kwanza: agizo la "use strict". Lakini katika skripti za kawaida agizo hilo nalo ni la hiari, na anayelihitaji zaidi ndiye asiyejua kuwa lipo.

Hatupingi wepesi. Lugha ya BASIC ya Dartmouth ya mwaka 1964 ilidai LET kabla ya kukipa kigeu thamani. Matoleo mengi ya baadaye yaliruhusu neno hilo liachwe na programu ikabaki na maana ileile. Let ya JavaScript ina kazi nyingine: ndiyo inayoamua kigeu kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Ikiachwa, programu inakuwa nyingine.

Madai yetu

(a) Neno linalobadili maana ya programu liwe la lazima katika kila lugha mpya, tangu toleo la kwanza.

(b) Kurasa za zamani zisivunjwe. Lakini mshirikiane na watengenezaji wa vivinjari ili onyo litolewe kila kigeu kinapoundwa bila kutangazwa.

(c) Mifano ya kufundishia itumie "use strict" kuanzia somo la kwanza.

(d) Neno lisiloongeza maana liondolewe kabisa, ili wote tuandike kwa namna moja.

Waheshimiwa, kuacha let kunampunguzia mzoefu herufi tatu tu, ilhali anayejifunza hupoteza jioni nzima akitafuta kosa ambalo lugha ingeweza kumwonyesha papo hapo. Tunawasihi mumtangulize anayejifunza.

Tunaomba kuwasilisha.